Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli ya kukodi: uzoefu wangu

Kwa mwenye haraka, hukumu yangu ni hii: ukipata nafasi ya kupanda barabara ya Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli, ukiwa na mwongozaji anayeijua historia ya Usambara, lipa uende. Ila kabla hujapanda siti, kagua breki wewe mwenyewe. Huduma niliyoitumia ni nzuri sana kwenye kupanda na ina kasoro kubwa kwenye kushuka. Kampuni siitaji jina. Ni ndogo, iko Tanga mjini, na malalamiko yangu nimeshawafikishia ana kwa ana.

Utaratibu wao ni huu. Wanakuchukua mjini alfajiri kwa gari, baiskeli zimefungwa kwenye keria, mpaka Mombo. Hawakuendeshi kwenye barabara kuu, na hapo nawaunga mkono kabisa. Kupitia Muheza, Segera na Korogwe ni zaidi ya kilomita 120, na kuanzia Segera unagawana lami na mabasi ya Moshi na Arusha pamoja na malori. Mashamba ya mkonge, zao lililoingizwa kwetu na Mjerumani mwaka 1893, unayaona vizuri tu kutoka dirishani. Bei ilikuwa laki moja na themanini kwa mtu mmoja, ndani yake baiskeli, helmeti, mwongozaji, gari la mizigo linalofuata nyuma, na usiku mmoja Lushoto. Chakula ni juu yako.

Baiskeli yenyewe ni ya mbio, fremu ya alumini, usukani uliopinda, tairi nyembamba. Sisi wa Tanga tumekulia kwenye Phoenix isiyo na gia, na kwa mji wetu inatosha. Kutoka Ngamiani hadi Raskazone hakuna mlima wa kukutoa pumzi. Usambara ni habari nyingine. Mombo iko kwenye mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari, Lushoto inakaribia 1,400, na kati yao ni kama kilomita 33. Ukigawanya, unapanda mita 30 kwa kila kilomita, hesabu isiyotisha. Lakini kipande cha kwanza, Mombo hadi Soni, ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya mlima huo, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Hapo gia ndiyo kila kitu. Walinipa baiskeli yenye sahani tatu mbele, yaani zile za meno zinazozungushwa na pedeli, na ile ndogo kabisa ndiyo iliyonifikisha juu nikiwa bado naweza kuongea. Ukiona wanakuletea yenye sahani mbili kubwa tu, kataa.

Kilichonifanya niandike haya, hata hivyo, ni mwongozaji. Ni kijana wa Kisambaa, mwenyeji wa upande wa Soni, na anajua kuipima hadithi na mapafu ya mtu. Anasimama pale unapohitaji kusimama. Anakuacha unywe maji, kisha ndiyo anaanza.

Kituo cha kwanza kilikuwa pale pale chini, kabla hatujaanza kupanda. Alituelekeza kaskazini, kwenye tambarare ya kuelekea Mazinde, akatuambia kwamba huko ndiko alikokaa Semboja. Mimi jina nilikuwa nalijua kwa mbali, lakini sijawahi kulipangia mahali. Semboja alikuwa mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, ambaye mamlaka yake yalishuka kutoka milimani hadi pwani kwetu. Makao ya mfalme yalikuwa Vuga, juu kabisa. Kimweri alipofariki mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu ndiye aliyerithi, na Semboja hakukubali. Yeye alikuwa amekaa chini, kwenye njia ya misafara ya bara, na misafara ndiyo iliyoleta bunduki. Alipompindua mpwa wake, alimweka mwanawe Vuga, yeye mwenyewe akabaki Mazinde.

"Sasa kaka, panda," mwongozaji akaniambia, "halafu ukifika juu utaniambia kwa nini hakuhamia Vuga."

Nilipanda na swali hilo kichwani. Kwa masaa yaliyofuata nililielewa kwa miguu kuliko ambavyo ningelielewa kwa kusoma. Zamani mlima ulikuwa ngome: kila anayetaka kukufikia anafika amechoka, na wewe unamtazama tangu akiwa bondeni. Mvua iko juu, migomba iko juu, watu wako juu. Lakini siku mali ilipoanza kupita kwa njia ya tambarare, aliyekaa mlimani akawa mbali na kila kitu. Kwenye gari la abiria mlima huu unaupita umeinamia simu. Kwenye baiskeli kila mita ya kimo unailipia, na kwa hiyo unajua thamani yake kwa aliyeishi huko.

Soni tulipumzika sana. Maporomoko ya maji yako karibu na barabara, na baada ya joto la Mombo ule ubaridi wake unaingia mpaka kwenye mifupa. Wauza matunda wapo, na wakati ule kulikuwa na plamu na mapeasi. Hapo ndipo baiskeli ziliwekwa kwenye gari, tukashika njia ya kuelekea Bumbuli ili tufike Vuga, kwa sababu njia ya kuingia kijijini si ya tairi nyembamba.

Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu ndipo penye lalamiko langu la pili. Vuga walitupa muda mfupi mno. Leo ni kijiji cha kawaida kwenye mgongo wa mlima, na ukienda ukitarajia magofu kama ya Tongoni au ya Kaole utarudi ukisema hukuona kitu. Hapa jengo si jambo la kutafuta. Unatakiwa usimame, utazame pande zote, na mtu akueleze. Tulimwamkia mzee mmoja, shikamoo babu, akaitikia na kutusogezea kigoda, akaanza habari za Mbegha: mwindaji aliyetoka Nguu, akakuta watu wanasumbuliwa na nguruwe mwitu mashambani, akawaua nguruwe na kugawa nyama, kisha usiku mmoja akamuua simba, na watu wakamwita Simba Mwene. Hilo ndilo jina la heshima la wafalme wa Usambara tangu hapo. Mzee alikuwa bado hajafika kwa Kimweri, wala kwa Krapf, mmisionari aliyekuja hapa mwaka 1848 na tena 1852, dereva akaanza kutuita. Iliniuma. Mtu wa aina hiyo hakatishwi maneno. Kampuni inayouza safari ya historia haipaswi kuhesabu dakika mbele ya mzee anayeongea.

Soni hadi Lushoto ni kupanda kwa upole zaidi, na mandhari inabadilika: kabichi, karoti, hoho, mashamba yamepangwa kwenye miteremko hadi unajiuliza mkulima anasimama vipi. Lushoto mjini mwongozaji alituonyesha majengo ya Mjerumani aliyeuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wake. Reli aliianzisha Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo, na kutoka Mombo akapanda kutafuta baridi. Sehemu hii aliieleza harakaharaka na mimi sikusikitika. Moyo wangu ulikuwa umebaki Vuga.

Malazi: nyumba ya wageni safi, maji ya moto yapo, blanketi mbili. Beba sweta. Nasema kwa watu wa pwani hasa.

Asubuhi ya pili tulikwenda Irente, kwenye ukingo wa mlima, kwa miguu, kwani njia ni ya vumbi na mawe. Nendeni. Ukisimama ukingoni unaona tambarare yote chini yako, na Mazinde iko pale, wazi kama kiganja. Mwongozaji hakusema kitu, alinitazama tu, nami nikamjibu swali lake la jana.

Sasa kushuka. Baiskeli hizi zina breki za raba zinazobana rimu, siyo za diski. Kwenye mteremko mrefu raba ikibana bila kuachia, rimu inapata moto, na moto ukizidi unaweza kupasua tyubu. Kwa hiyo hushiki breki moja kwa moja: unabana, unaachia, unabadilisha ya mbele na ya nyuma, na unasimama kila baada ya kipande ili rimu ipoe. Mwongozaji alitufundisha hayo vizuri. Tatizo ni kwamba raba za baiskeli niliyopewa zilikuwa zimekwisha. Tulipofika Soni nilisikia chuma kikikwaruza rimu. Nilisimama, tukakagua, na kweli upande mmoja wa raba ulikuwa umebaki bamba tupu. Raba za akiba hazikuwepo kwenye gari. Pampu ilikuwepo, viraka vilikuwepo, raba hapana. Nikamaliza safari kwenye gari, kipande kile nilichokuwa nakisubiri tangu jana nikikitazama kikipita dirishani.

Barabara ile ni nyembamba, na malori ya mboga yanashuka pamoja nawe kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Breki iliyokwisha pale inaua mtu. Niliwaambia hivyo bila kuzunguka, na mwenye kampuni alinisikiliza, akanirudishia sehemu ya pesa na kuahidi kwamba raba zitabadilishwa kabla ya kila safari ya Lushoto. Mwongozaji namsifu mbele ya kila mtu.

Kwa atakayekwenda: chagua kati ya Juni na Septemba, epuka masika kwa sababu ya utelezi na maporomoko ya udongo. Anza kupanda kabla jua halijakaza, Mombo ina joto kali. Kwenye kona kaa kushoto kabisa, na ukisikia honi usigeuke, shikilia mstari wako. Kagua raba, kagua cheni, uliza sahani za mbele ni ngapi. Na Vuga dai nusu siku nzima kabla hujatoa hela.

Mimi nimeshapanga na wenzangu wawili wa Chumbageni kwenda tena na mwongozaji yule yule. Raba mpya tutazinunua wenyewe kwa fundi hapa mjini, na tutazifunga kabla baiskeli hazijapandishwa kwenye keria.