Uzoefu wangu na Bitcoin: zana za soko ni jambo moja, sarafu yenyewe ni jambo lingine

Nilinunua Bitcoin, sarafu ya kidijitali isiyotolewa na benki wala serikali yoyote, kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 2021, bei yake ikiwa karibu dola 69,000, na mwaka mmoja baadaye nikaishuhudia ikiwa chini ya dola 16,000. Ninalitaja hili mapema ili msomaji ajue kwamba ninayoyasema hapa hayatokani na faida ya haraka. Tangu wakati huo nimeendelea kuitumia sarafu hii, kwanza kwa kununua na kuuza karibu kila siku, kisha kwa kuweka akiba, kulipa na kulipwa. Katika kipindi hicho nimejifunza kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya, nami niliyachanganya kwa muda mrefu: zana za kufanyia biashara ya sarafu hii, na ubora wa sarafu yenyewe kama fedha.

Kuhusu kufungua akaunti katika soko la mtandaoni sina mengi ya kusema. Nilipiga picha ya kitambulisho na ya uso, nikasubiri saa chache, nikaruhusiwa kuingiza fedha. Kilichonichukua muda ni kuuelewa ukurasa wa biashara, kwa sababu kila anayeingia huvutwa kwanza na chati ya mishumaa ya kijani na nyekundu, ambayo kila mshumaa huonyesha bei ilivyopanda au kushuka katika kipindi fulani, ilhali kitu chenye manufaa zaidi kimewekwa pembeni, nacho ni kitabu cha oda. Humo kuna safu mbili za namba: upande mmoja wamo wanaotaka kununua na bei walizo tayari kutoa, upande wa pili wamo wanaotaka kuuza na bei wanazozitaka, na kila mstari unaonyesha kiasi kinachosubiri katika bei hiyo. Mishumaa husimulia yaliyokwisha kupita, lakini kitabu cha oda huonyesha kilichopo sasa, ingawa hata humo zimo oda kubwa zinazowekwa kwa ajili ya kuwatisha wengine tu, kisha huondolewa kabla hazijaguswa.

Umuhimu wa kitabu hicho niliujua siku nilipouza sarafu ndogo, isiyo na wanunuzi wengi, kwa oda ya soko, yaani agizo la kuuza papo hapo kwa bei yoyote iliyopo. Niliiona bei ya mwisho imeandikwa juu ya ukurasa, nikaamini kwamba ndiyo nitakayoipata. Oda yangu ilimaliza kiasi chote cha mnunuzi wa kwanza, ikashuka kwa wa pili, kwa wa tatu, hadi kwa wa saba, na wastani wa bei niliyouzia ukawa chini kwa takriban asilimia 4 kuliko ile niliyoiona. Hapakuwa na wizi wowote. Ukwasi wa soko lile, yaani wingi wa oda zinazosubiri kununua na kuuza, ulikuwa mdogo, na laiti ningetazama safu ya pembeni kwa nusu dakika ningeliona hilo wazi. Tangu siku ile hutumia oda yenye kikomo, ambayo huitaja bei ninayoitaka na kusubiri mpaka soko liifikie. Faida yake ya pili ni kwamba masoko mengi humtoza ada ndogo zaidi yule anayeweka oda ikasubiri kuliko yule anayeichukua oda ya mwenzake, na kwa mtu anayefanya miamala mingi tofauti hiyo huhesabika.

Oda ya kuzuia hasara nayo ninaipendekeza, ila ieleweke inafanya nini hasa. Haiahidi kwamba utauza katika bei uliyoiandika. Inaahidi tu kwamba bei hiyo ikiguswa, agizo la kuuza litatumwa, na soko likiwa linaporomoka kwa kasi utauza chini zaidi ya hapo. Viashiria vya chati nilivitumia kwa karibu miaka miwili, hasa wastani wa bei unaosogea na kile kinachoitwa RSI, ambacho huipima nguvu ya bei kwa kipimo cha 0 hadi 100 na ambacho wengi hukisoma kwamba juu ya 70 bei imepanda kupita kiasi na chini ya 30 imeshuka kupita kiasi. Niliyoyaona ni kwamba soko linapokuwa na mwelekeo wenye nguvu kiashiria hiki kinaweza kubaki juu ya 70 kwa siku nyingi bei ikizidi kupanda, na aliyeuza kwa kukitii hubaki nje akitazama. Siku hizi ninakitumia kunieleza hali ya soko, wala sikipi mamlaka ya kuniamulia.

Zana ambayo siipendekezi kabisa kwa anayeanza ni biashara ya kukopa juu ya mtaji. Masoko hukuruhusu kuweka mtaji mdogo na kufanya biashara yenye ukubwa wa mara 10, mara 50, hata mara 100 yake. Kwa mara 10, bei ikienda kinyume chako kwa asilimia 10 mtaji wote umekwisha, na kwa kweli mfumo hukufungia biashara kabla ya kufika hapo, kwa kuwa soko linajilinda lisipate hasara kwa niaba yako. Juu ya hayo, katika mikataba isiyo na tarehe ya kuisha kuna malipo yanayopita kati ya wanaotarajia bei ipande na wanaotarajia ishuke, mara nyingi kila baada ya saa 8, na malipo hayo huula mtaji wa anayelipa polepole hata bei ikiwa imetulia. Biashara yangu moja ilifungwa usiku wa manane nikiwa nimelala. Nilipoamka niliuona mshumaa mmoja wenye utambi mrefu ulioshuka chini na kurudi juu. Bei ilikuwa palepale nilipoiacha, na akaunti ilikuwa tupu. Nilikuwa sahihi kuhusu mwelekeo wa wiki ile nzima, na bado nilipoteza, kwa sababu mkopo haukunipa nafasi ya kusubiri.

Lakini lililobadilisha kabisa matumizi yangu halikuwa hasara hiyo. Mwezi Novemba 2022 soko kubwa la FTX lilikwama kuwalipa wateja wake, na tarehe 11 likaomba ulinzi wa kufilisika. Sikuwa na fedha huko, lakini katika siku zilezile kampuni niliyokuwa nikiitumia mimi, ambayo sitaitaja, ilisimamisha utoaji wa sarafu kwa siku tisa. Salio langu lilionekana kwenye ukurasa kama kawaida, tarakimu zote zipo, lakini kitufe cha kutoa kilikuwa kimefifia na hakibonyezeki. Niliandika barua pepe nne na kujibiwa kwa maneno yaleyale yaliyoandaliwa. Fedha zangu hatimaye nilizipata zote. Hata hivyo ndani ya siku zile tisa nilielewa jambo ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kulitia moyoni: nilichokuwa nacho sokoni hakikuwa Bitcoin, kilikuwa deni ambalo kampuni ilikuwa imeahidi kunilipa. Waliokuwa na fedha zao katika soko la Mt. Gox, lililofilisika mwaka 2014, walilijua hilo kwa gharama kubwa zaidi, kwani baadhi yao walisubiri miaka kumi kabla ya kuanza kurudishiwa sehemu ya mali yao.

Nilinunua kifaa kidogo cha kuhifadhia funguo za siri, yaani namba zinazomruhusu mwenye nazo kuzituma sarafu zake, na hapa ndipo ninapoanza kuisifu sarafu hii kwa moyo wote. Kifaa kilinionyesha maneno 24, moja baada ya jingine, yaliyochaguliwa kutoka katika orodha maalumu ya maneno 2,048, nami nikayaandika kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi. Maneno hayo ndiyo fedha yenyewe. Kifaa kikivunjika au kuibiwa, mwenye maneno huweza kuzirejesha funguo zote kwenye kifaa kingine. Kabla ya kutuma chochote kikubwa nilituma kiasi kidogo, kisha nikakifuta kifaa chote kwa makusudi, nikaingiza maneno upya na kuhakikisha kwamba kiasi kile kimerudi kuonekana. Ninamsihi kila anayeanza afanye zoezi hili, maana karatasi ambayo haijajaribiwa haimhakikishii mtu lolote.

Kisha nilihamisha akiba yote. Nilinakili anwani ya kupokelea iliyotolewa na kifaa, nikalinganisha herufi sita za mwanzo na sita za mwisho na zile zilizokuwa kwenye kioo cha kifaa, nikatuma. Kwa dakika kadhaa muamala ulionekana ukisubiri pamoja na maelfu ya mingine, kisha ukaingia katika bloku, yaani kundi la miamala inayorekodiwa kwa pamoja, na baada ya kama saa moja ukawa umethibitishwa mara sita, kila bloku mpya ikihesabika kama uthibitisho mmoja. Ilikuwa Jumapili usiku. Sikuandika sababu ya kutuma, sikusubiri mtu afungue ofisi, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kukifanya kitufe kififie.

Huu ndio ubora wa kwanza wa Bitcoin kama fedha, na kwangu una uzito kuliko kupanda kwa bei. Wa pili ni ratiba yake. Bloku ya kwanza kabisa, ya tarehe 3 Januari 2009, ilibeba ndani yake kichwa cha habari cha gazeti la siku hiyo kuhusu serikali kuziokoa benki, na sioni kwamba mwanzilishi wa Bitcoin, aliyejiita Satoshi Nakamoto, alikichagua bila sababu. Jumla ya sarafu haitazidi milioni 21. Malipo ya wachimbaji, yaani wanaotumia kompyuta zao kutengeneza bloku na kulipwa sarafu mpya, yalianza kwa Bitcoin 50 kwa kila bloku na hupungua nusu kila baada ya bloku 210,000. Tangu Aprili 2024 ni 3.125, yaani kiasi cha Bitcoin 450 mpya kwa siku duniani kote. Bei ikipanda na wachimbaji wakaongezeka, sarafu haziongezeki, kwa sababu kila baada ya bloku 2,016 mtandao hurekebisha ugumu wa uchimbaji ili bloku ziendelee kutoka kwa wastani wa dakika 10. Dhahabu haina kinga kama hiyo, kwani bei yake ikipanda migodi iliyokuwa haina faida hufunguliwa tena. Na kwa kuwa Bitcoin moja hugawanyika katika satoshi milioni 100, uchache wake haumzuii mtu mwenye kipato kidogo kuweka akiba ndogo.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba inatimiza kazi zote za fedha. Kama kipimo cha bei za vitu bado ni dhaifu, kwa kuwa kitu kinachoweza kupoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake ndani ya mwaka hakifai kuandikiwa mshahara wala kodi ya nyumba. Ada nazo hupanda sana mtandao unapojaa, kama ilivyotokea tarehe 20 Aprili 2024 malipo ya wachimbaji yalipopunguzwa nusu, na siku hiyo kutuma kiasi kidogo hakukuwa na maana. Mtandao wa Lightning, uliojengwa juu ya Bitcoin, umeniondolea tatizo hilo kwa malipo madogo. Hufika kwa sekunde chache na ada yake ni ndogo mno, ila njia ya kupitishia kiasi kikubwa wakati mwingine haipatikani, na malipo yangu mawili au matatu yamegoma kwa sababu hiyo. Tena muamala ukishathibitishwa haurudishwi. Ukikosea mpokeaji, hakuna dawati la malalamiko.

Kwa malipo ya kazi ninayolipwa kwa dola ninatumia sarafu thabiti za USDT na USDC, ambazo thamani yake hufungwa kwenye dola moja. Ni rahisi kutumia na zinafaa, lakini nisingependa mtu azione kuwa sawa na Bitcoin. Nyuma yake ipo kampuni inayotunza akiba na yenye uwezo wa kuizuia anwani. Mwezi Machi 2023, ilipojulikana kwamba sehemu ya akiba ya USDC ilikuwa katika benki ya Silicon Valley iliyokuwa imeanguka, bei yake ilishuka chini ya senti 90 kwa muda kabla ya kurudi, na TerraUSD, sarafu thabiti nyingine ambayo haikuwa na akiba ya dola nyuma yake, ilikuwa imeporomoka Mei 2022 na haikuinuka. Kwa hiyo ninazipokea, ninalipia ninayopaswa kulipia, na kinachobaki ninakibadilisha.

Utaratibu wangu wa sasa ni mwepesi kuliko wa miaka ya mwanzo. Ninanunua kiasi kilekile kila wiki kwa oda yenye kikomo, na mwisho wa mwezi, ada zikiwa chini, ninahamishia kwenye kifaa changu. Chati ninaifungua mara chache. Lililobaki kunishughulisha ni nani atakayeweza kuifikia akiba hii nisipokuwepo, maana hakuna benki itakayowaita warithi. Mwezi uliopita nilimpa dada yangu kifaa kitupu na nakala ya maneno 24 iliyofungwa ndani ya bahasha, nikamwomba arejeshe pochi peke yake bila mimi kusema neno. Mara ya kwanza kifaa kilikataa, kwa sababu neno la kumi na saba nilikuwa nimeliandika vibaya kiasi kwamba herufi mbili zilifanana. Aliirudia, na baada ya dakika arobaini salio likatokea kwenye kioo. Niliichoma karatasi ile, nikaandika nyingine kwa herufi kubwa.