Darasa la uigizaji wa tamthilia, Sinza: kamera wanaijua, mikataba wameiruka

Somo la kamera pekee linatosha kuhalalisha ada. Tamthilia hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi: sini zote za sebuleni zaweza kupigwa siku moja, hata zikiwa za vipindi tofauti. Mwigizaji asiyeandika pembeni ya skripti "nimetoka kulia machozi, hereni za dhahabu, kikombe mkono wa kushoto" huvunja mwendelezo, yaani kufanana kwa mambo kutoka picha moja hadi nyingine, na mhariri akabaki hana pa kukata. Hapa jambo hilo hurudiwa kwa vitendo mpaka likae.

Wanafundisha pia kusimama kwenye alama ya tepu sakafuni bila kuitazama, na kubandika maiki ya nguoni mahali ambapo kanga haitaikwaruza. Mkwaruzo huo ni shida kuuondoa baadaye. Feni huzimwa wakati wa kurekodi, na joto la Dar mnalijua, kwa hiyo poda na kitambaa viwe karibu.

Kasoro ni mikataba. Malipo kwa siku au kwa kipindi, haki ya marudio (malipo kipindi kikirushwa tena), hakuna linaloguswa. Kwa kijana anayetaka kuishi kwa kazi hii, pengo hilo linaumiza. Walizibe.