Santuri za Kantri za Miaka ya Sabini: Uanze na Mwimbaji Gani?

Ukitaja muziki wa kantri mbele ya Wakenya wa rika langu, chai haipoi kabla hujasikia majina mawili: Don Williams na Kenny Rogers. Mwingine atamwingiza Jim Reeves, na itabidi akumbushwe kwamba Reeves alifariki kwenye ajali ya ndege mwaka 1964. Ukienda kwa tuzo, mwimbaji bora wa kiume wa Chama cha Muziki wa Kantri cha Marekani katika mwongo ule alikuwa Ronnie Milsap mara tatu, 1974, 1976 na 1977, na kwetu ni wachache wanaomtaja.

Mabishano hayo ni matamu, lakini mwenye pesa mkononi ana swali jingine. Wimbo mzuri ni kitu kimoja na santuri nzuri ni kitu kingine. Wako waimbaji waliovuma kwa wimbo mmoja mmoja. Ukinunua albamu yao unapata kibao kimoja na nyimbo tisa za kujazia. Wako wengine ambao ukiinua sindano katikati umekata hadithi. Kwa hiyo naipanga orodha hii kwa kinachostahili kununuliwa kwanza, na sitoki nje ya 1970 hadi 1979.

Anza na Willie Nelson, albamu ya Red Headed Stranger ya 1975. Kampuni ya Columbia ilikuwa imempa uhuru wa kurekodi apendavyo, naye akaenda studio ndogo ya Garland, Texas, na bendi yake, dada yake Bobbie akiwa kwenye piano. Alichowarudishia wakubwa wa kampuni kilikuwa kitupu kiasi kwamba walidhani ni rekodi ya majaribio. Hakuna okestra ya kupamba, hakuna kwaya. Kuna gitaa lake la nyuzi za nailoni, sauti ya puani inayochelewa kidogo nyuma ya mdundo, na kisa cha mhubiri aliyemuua mkewe na mpenzi wa mkewe akabaki kutangatanga na farasi. Wimbo uliompeleka namba moja kwa mara ya kwanza kama mwimbaji, Blue Eyes Crying in the Rain, ulikuwa mkongwe, umeandikwa na Fred Rose miaka ya arobaini. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, unasikia pumzi kati ya mstari na mstari. Sijui santuri nyingine ya mwongo ule inayolipa zaidi gharama ya kuwa na kinanda cha santuri nyumbani. Ukiipenda, ongeza Stardust ya 1978.

Wa pili ni Don Williams, na najua wako watakaonikasirikia kwa kutomweka wa kwanza. Sauti ile nzito, isiyopandishwa hata mara moja, imelelea watoto wengi huku kwetu kupitia redio za jioni. Mwaka 1997 aliimba Harare, na tamasha hilo likarekodiwa kwa video. Hakuwa mtu wa albamu za kisa kimoja, ila albamu zake hazina takataka. Chukua Expressions ya 1978, yenye Tulsa Time, mwaka huohuo aliotunukiwa uimbaji bora. Kisha tafuta The Best of Don Williams, Volume II, ya 1979. Kwa Don mkusanyiko si aibu, maana nyimbo zake zinashabihiana kiasi kwamba hukaa pamoja kama ndugu. Usiitafute I Believe in You kwenye santuri hizo. Hiyo ni ya 1980.

Waylon Jennings ni wa tatu. Huyu alipigana na kampuni yake, RCA, mpaka akapata haki ya kuchagua nyimbo na kurekodi na wanamuziki wake badala ya wale wa studio za Nashville. Matunda yake ni Honky Tonk Heroes ya 1973, karibu yote imetungwa na Billy Joe Shaver. Wengi hukimbilia Wanted! The Outlaws ya 1976 kwa sababu ndiyo albamu ya kwanza ya kantri kutunukiwa platinamu, yaani tuzo ya kuuza nakala milioni moja. Mimi naiweka nyuma: sehemu kubwa yake ni rekodi za zamani zilizokusanywa, tena ni za waimbaji wanne.

Hapa nikuonye jambo. Santuri nyingi za RCA za mwanzo wa miaka ya sabini ni nyembamba, ukiishika pembeni inanesanesa. Muuzaji atakwambia ni mbovu au wewe utadhani ni bandia. Ndivyo zilivyotengenezwa. Iweke usawa wa jicho uone kama imepinda, kisha iinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Alama hafifu kama nywele hazidhuru sana, lakini ukipitisha ukucha taratibu na mkwaruzo ukakwama, irudishe. Uliza pia kama unaweza kuijaribu, hata dakika moja ya wimbo wa mwisho wa kila upande, kwa kuwa karibu na katikati ndiko sauti huharibika kwanza.

Merle Haggard, kwa koo tupu, nadhani anawapita wote niliokwisha kuwataja. Alifungwa gereza la San Quentin, California, akiwa kijana, na mwaka 1972 gavana Ronald Reagan akamsamehe. Nunua If We Make It Through December ya 1974. Wimbo wenye jina hilo ni wa baba aliyeachishwa kazi kiwandani Krismasi ikikaribia, na anauimba bila kulialia. Karibu naye mweke George Jones, The Grand Tour ya mwaka huohuo: mwanamume anakutembeza nyumbani kwake, kiti hiki, kitanda kile, mpaka unafika chumba cha mtoto na kuelewa kwamba mke ameondoka.

Charley Pride asikukose. Mtu mweusi kutoka Sledge, Mississippi, aliyecheza besiboli kabla ya muziki, akawa mwanamuziki bora wa mwaka wa kantri 1971. Charley Pride Sings Heart Songs ndiyo ya kuchukua.

Kenny Rogers nimemweka mwisho, wala si kwa kumdharau. The Gambler ya 1978 iliuzwa kwa wingi mno, hivyo haina haja ya kukimbiliwa wala kulipiwa ghali. Ngoja nakala safi. Kwake ndiko nilikochomeka. Nilinunua mkusanyiko wa vibao vyake, jalada linang'aa, nikafika nyumbani na kukuta wimbo wake wa Lucille si ule ninaoujua. Ngoma zilikuwa tofauti, na sauti ilikuwa ya mtu aliyezeeka. Nyuma ya jalada, kwa herufi ndogo kuliko za kwenye kifurushi cha dawa, iliandikwa kwamba nyimbo zimerekodiwa upya. Sasa kila mkusanyiko naugeuza kwanza nyuma, natafuta mwaka wa kurekodiwa na jina la kampuni ya awali. Kwa Kenny wa miaka ile, kampuni hiyo ni United Artists.