Kitara cha 1796 cha Wapanda Farasi wa Uingereza: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja

Anayekishika kwa mara ya kwanza kitara (upanga uliopinda) cha vikosi vyepesi vya wapanda farasi wa Uingereza, cha muundo wa mwaka 1796, hukuta macho na mkono vinampa habari tofauti. Kwa macho, bapa lake ni pana kupita kiasi, hasa karibu na ncha, ambako upana hukaribia sentimita 4. Mkononi, uzito ule uliotarajiwa haupo. Changu, ambacho nimekaa nacho mwaka mzima sasa, kina bapa lenye urefu wa sentimita 83, na nilipokiweka kwenye mizani bila ala kilionyesha gramu 940 tu.

Siri ya wepesi huo iko mgongoni. Nilipoupima unene wa mgongo, nilipata milimita 9 karibu na mpini, kisha unene huo ukawa unapungua hatua kwa hatua hadi milimita 2 unapokaribia ncha, huku mfuo mpana uliochimbwa ubavuni kila upande ukiondoa chuma kingine kisichohitajika. Hapa ndipo kazi ya wahunzi wa Birmingham inapojitenga na nakala za kisasa, ambazo mara nyingi hukatwa kutoka katika bamba lenye unene mmoja mwanzo hadi mwisho, na matokeo yake humlemea mshikaji kama nondo iliyotiwa makali. Iwapo muuzaji anaweza kukutumia kipimo kimoja tu kabla hujatoa fedha, mwombe unene wa mgongo sehemu tatu: mwanzo, katikati na karibu na ncha. Picha nzuri zinaweza kukudanganya juu ya mengi, lakini vipimo hivyo vitatu ni vigumu kughushi.

Muundo huu ulitokana na hasara za vita. John Gaspard Le Marchant, ofisa wa ukoo wa kisiwa cha Guernsey, aliiona kampeni ya Flanders (eneo ambalo leo liko hasa Ubelgiji) ya miaka ya 1793 hadi 1795 na kurudi akiamini kwamba wapanda farasi wa Uingereza walikuwa na silaha mbovu na mafunzo duni zaidi ya silaha zenyewe. Kwa kushirikiana na Henry Osborn, mtengenezaji wa panga wa Birmingham, alibuni kitara kilichokusudiwa kukata kuliko kuchoma, na katika mwaka huohuo wa 1796 mafunzo yake ya matumizi ya upanga yakachapishwa kuwa kanuni za jeshi. Yeye mwenyewe aliuawa mwaka 1812 katika mapigano ya Salamanca, nchini Hispania, akiongoza shambulio la vikosi vizito vya wapanda farasi, ambavyo askari wake walibeba upanga mwingine kabisa, ulionyooka, wa mwaka huohuo wa 1796. Wauzaji wasio makini huchanganya majina ya silaha hizi mbili, ingawa mtoto mdogo angeweza kuzitofautisha kwa kuziona.

Mpini ni wa kawaida mno, na mimi naupenda kwa sababu hiyo. Kinga ya vidole ni utepe mmoja wa chuma uliopinda kama kikuku cha kupandia farasi. Hauna mapambo, wala haukingi sana. Ndani, mti umevikwa ngozi, na pande mbili za mpini kuna masikio ya chuma yaliyopigwa ribiti iliyopenya hadi kwenye msuka, yaani sehemu ya bapa iliyozama ndani ya mpini. Ribiti hiyo ikague kwa makini. Ikiwa imelegea, au ikionekana mpya kuliko chuma kinachoizunguka, kuna uwezekano mkubwa kwamba mpini uliwahi kufunguliwa na kurudishwa. Ala ni ya chuma, ina pete mbili za kuning'inizia, na haina la ziada la kusema isipokuwa kwamba ni nzito.

Nakuja sasa kwenye manung'uniko. Kitara hiki nilikinunua mnadani kwa njia ya mtandao, na maelezo ya dalali, ambaye sitamtaja, yalisema kwamba bapa liko “katika usafi wa hali ya juu.” Usafi huo ulikuwa kweli, lakini ulikuwa umepatikana kwa msasa. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita au wiki moja kabla ya mnada, alilisugua bapa lote hadi likang'aa kama kijiko, na kingo za mfuo, ambazo zinapaswa kuwa kali na kuonekana kama mstari uliochorwa kwa rula, zikawa zimelainika. Alama ya mkaguzi wa serikali, yaani taji dogo lenye nambari chini yake, imebaki kama kivuli. Huioni mpaka uinamishe bapa mbele ya taa. Jina la mtengenezaji lililogongwa mgongoni limenusurika, kwa kuwa watu wengi husugua mbavu wakasahau mgongo. Weusi wa umri unaotulia juu ya feleji kwa karne mbili si uchafu, na ukishaondolewa haurudi. Bapa lenye madoa meusi yaliyotulia lina thamani kubwa kwa mkusanyaji kuliko bapa linalong'aa, na maelezo ya dalali yaliligeuza kosa kuwa sifa.

Ufungaji nao ulikuwa wa kizembe. Kitara kilitumwa kikiwa ndani ya ala yake bila kufungwa pamoja, kikawa kinatoka na kurudi safari nzima, na kilipofika ncha ya ala ilikuwa imetoboa boksi.

Mtu anayetafuta muundo huu ajihadhari pia na ndugu yake wa Kijerumani. Prussia ilipokea vitara vya Uingereza wakati wa vita dhidi ya Napoleon, kisha ikatengeneza vyake kwa kufuata umbo hilohilo. Ni muundo wa mwaka 1811, uliokuja kuitwa kwa jina la jemadari Blücher. Kwa mbali vinafanana kama mapacha. Cha Prussia kwa kawaida ni kizito zaidi na kimegongwa alama za Kijerumani, na kilikaa jeshini kwa miongo mingi kuliko cha Uingereza, ambacho kilianza kubadilishwa kwa muundo wa mwaka 1821. Si silaha mbaya hata kidogo, ila kuuziwa kimoja kwa jina la kingine ni kudhulumiwa.

Wapo wanaoniuliza kama ni heri kuanza na kitara cha Marekani cha mwaka 1860, kile cha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865. Kwa anayeanza, nakiri kwamba kile ni mwalimu mpole zaidi. Kampuni kama Ames ya Chicopee, Massachusetts, ziligonga jina lao waziwazi kwenye bapa, na upande wa pili hukaa herufi za U.S., mwaka, na herufi za kwanza za majina ya mkaguzi, hivyo silaha inajieleza yenyewe. Ni chembamba na chepesi kuliko mtangulizi wake wa mwaka 1840, ambacho askari walikibandika jina la kuvunja mikono. Lakini umaarufu wake umezaa nakala nyingi mno, baadhi zikiwa na mihuri ya kughushi, na shaba ya manjano ya kinga yake yenye matawi matatu ni rahisi kuigwa kwa kalibu. Kwa maoni yangu, bapa la mwaka 1860 ni kazi nzuri ya kiwanda; la 1796 lina fikra ndani yake.

Matunzo hayasumbui. Mimi hulipangusa bapa kwa kitambaa laini, nikalipaka nta nyembamba ya aina ya Renaissance Wax, ambayo ilibuniwa katika maabara za British Museum katika miaka ya 1950, na siligusi tena kwa vidole vitupu, kwa sababu jasho huacha alama ya kutu yenye umbo la kidole. Kitara hukaa nje ya ala, kwani unyevu ulionaswa ndani hula chuma bila kuonekana.

Kwa kitara chenyewe natoa alama nne kati ya tano, na hiyo iliyokatwa ni ya msasa. Kwa dalali natoa mbili: moja kwa kuwa silaha ni halisi, na ya pili kwa sababu nilipomwandikia kuhusu alama ya taji iliyofutika alirudisha sehemu ya fedha bila ubishi. Ngozi ya mpini imeanza kufunguka kwenye mshono karibu na kinga, na nimeamua kuiacha hivyo.