Nasari ya wafadhili Gulu: uji mzuri, walimu wazuri, wageni wapunguze

Madereva wenzangu wa njia ya Juba mnaoweka familia zenu Gulu, kaskazini mwa Uganda, kila tukikutana mpakani Elegu mnaniuliza binti yangu anasoma wapi, na kama ile nasari ya wafadhili iliyo upande wa njia ya Kampala inafaa. Inafaa. Kati ya nyota tano naipa nne, na hiyo iliyobaki nitawaambia imekwenda wapi. Nilishinda humo kutwa nzima kwa sababu klachi ya lori iliungua na spea ilikuwa bado iko Kampala, kwa hiyo haya nimeyaona mwenyewe.

Kwanza pesa, maana najua ndilo swali lenu. Ada ni shilingi 50,000 za Uganda kwa muhula, na juu yake unapeleka mahindi na maharage kidogo. Nasari za mjini zenye rangi ukutani na basi la njano zinataka mara nyingi ya hapo. Serikali haigharamii nasari. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 1997 inaanzia darasa la kwanza, na chini ya hapo kila mzazi na mfuko wake. Ndiyo maana huku vijijini unamkuta mtoto wa miaka minne kajibanza nyuma ya darasa la kwanza, kaletwa na dada yake, hajui anachofanya pale. Wafadhili walijenga vyumba vitatu: Bebi ya wadogo kabisa, Mido ya wa kati na Topu ya wakubwa. Wanalipa mishahara ya walimu na wanaleta unga wa uji wa soya. Simsim, yaani ufuta, inatoka kwa wazazi, na ndiyo inayoufanya uji huo unyweke.

Kilichonivutia kabla hata sijafika darasani ni pa kunawia mikono. Jerikeni la lita tano limetundikwa kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, na kamba imeshuka kutoka shingoni mwake hadi kwenye kijiti kilicho chini. Mtoto anakanyaga kijiti, jerikeni linainama, maji yanatoka kwenye tundu lililotobolewa kwa msumari. Hakuna anayegusa kitu kwa mkono mchafu. Sabuni nayo imetobolewa katikati ikapitishwa kamba, na juu yake wameivisha chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kwa sababu kunguru wa Gulu ni wezi wa sabuni. Mimi wameniibia Atiak, njiani kwenda Elegu, nikiwa naoga nyuma ya lori, povu usoni, siwezi hata kurusha jiwe.

Darasani, picha zote zimechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya magunia ya mchele yaliyopasuliwa. Karatasi huku zinaliwa na mchwa, gunia linadumu. Hesabu wanafanya kwa vifuniko vya soda. Mwalimu wa Mido aliwaambia wahesabu kumi, na kijana mmoja akavipanga mstari mrefu hadi mlangoni. Alipoulizwa viko vingapi akasema haya ni magari ya Juba, yako kwenye foleni. Mwalimu hakumkaripia. Alimwuliza gari la mwisho litavuka lini, wakaanza kuhesabu kutoka mbele. Huyo mwalimu ana watoto wengi mno kwa mtu mmoja, na Bebi ndiyo imejaa kupita kiasi. Mkiweza, subirini mtoto afike umri wa Mido.

Baadhi ya akina baba wanalalamika kwamba watoto wanafundishwa Kiacholi na Kiingereza kinakuja polepole. Sioni ubaya wake. Serikali yenyewe tangu mwaka 2007 inataka madarasa matatu ya kwanza ya msingi yafundishwe kwa lugha ya eneo, sembuse nasari. Taabu ni yangu tu mtu wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, nyumbani naongea Kiswahili, na sasa binti ananigombeza kwa Kiacholi mbele ya mama yake nao wanacheka.

Getini kuna bango kubwa linalosema ni shule ya watoto walioathiriwa na vita. Jamani, mtoto wa Mido amezaliwa miaka mingi baada ya mapatano ya Juba ya 2006, ya kusimamisha vita vya serikali na waasi wa Joseph Kony. Walioathiriwa ni waliomzaa. Mwalimu huyo huyo wa Mido, akiwa na miaka minane, alikuwa anatembea kila jioni na mkeka kichwani kuja kulala kwenye baraza za maduka mjini, ili waasi wa Kony wasimkute kijijini usiku. Makumi ya maelfu ya watoto waliishi hivyo. Wengine walikulia kwenye kambi za waliokimbia vita, Pabbo na kwingineko, wakati watu wapatao milioni 1.8 walikuwa wamehamishwa makwao.

Na hapa ndipo nasari hii inapowapita wenzake. Kila Jumatano anakuja bibi mmoja kusimulia hadithi. Nilimwuliza mwalimu mmoja aliyekulia kambini, kwani nyinyi hamwezi kusimulia?

"Mzee, hadithi zetu zilikuwa za wang oo, ule moto wa jioni," akasema. "Kambini jua likizama moto unazimwa, kila mtu ndani. Mimi hakuna aliyenisimulia."

Bibi alikaa kwenye mkeka, miguu kanyoosha, akaanza habari za sungura na tembo. Watoto wanaitikia, anawatega, wanamzomea. Nikatazama uani: akina mama vijana waliowaleta watoto asubuhi walikuwa bado wapo, wameegemea ua wa miti, mmoja ana beseni la nyanya kichwani na soko linamngoja. Sungura alipomdanganya tembo, huyo wa nyanya ndiye aliyecheka kuliko wote.

Hadithi haikumalizika, na hapa ndipo ile nyota ya tano ilipopotelea. Magari mawili meupe yaliingia, wageni wa wafadhili, na kila kitu kikasimama. Watoto walipangwa juani kuimba. Kabati lililofungwa kufuli likafunguliwa, wanasesere wakatolewa, wengine bado wamo kwenye nailoni zao, na binti yangu akapewa mmoja wa kushikia picha. Uji wa saa nne ulinyweka karibu saa sita. Mgeni mmoja aliuliza yatima ni wapi, kwa sauti, mbele yao. Bibi aliketi kwenye kivuli peke yake, hakuna aliyemtambulisha. Wageni walipoondoka, wanasesere wakarudi kabatini.

Nilimwendea mwalimu mkuu. Akaniambia, "Mzee, hao ndio uji wenyewe." Kweli, na mimi nakunywa mshahara wa mtu pia, najua bosi akija unasimama wima. Lakini wageni wanaweza kuja baada ya uji, wakakaa mkekani wasikilize kama wengine, na picha ya mtoto iombwe kwa mzazi. Kikao cha wazazi kimekubali hilo la picha. La wanasesere bado tunavutana. Jingine tunalojadili ni mkataba wa wafadhili, ambao una mwisho. Kikundi cha akiba cha akina mama kimeshaanza kutenga pesa ya mwalimu mmoja.

Muhula wa kwanza unaanza Februari, ila nafasi za Mido huisha mapema, kwa hiyo mwambieni mama aende kabla ya Krismasi. Watadai mifagio miwili, karatasi za choo, sukari kilo moja na kikombe cha plastiki chenye jina. Ada inalipwa kwa simu. Risiti hawatoi mpaka uidai.