Tahadhari: muuzaji wa tiara za nyuzi nne "kutoka Ulaya" analiza watu

Ndugu zangu warushaji wa tiara wa Dar, Bagamoyo, Tanga na Unguja, na nyinyi wa Mombasa na Diani mnaoziita vishada: kuna muuzaji mtandaoni anajinadi kuwa ana tiara za michezo za mitumba kutoka Ulaya, zile unazoziongoza kwa nyuzi mbili au nne. Msimtumie hela. Ameshawaliza watu kadhaa, na mmoja wao ni kijana wa Kigamboni ambaye huwa tunarusha naye. Kifurushi alichotumiwa nimekikagua kipande kwa kipande, na mazungumzo yao ya WhatsApp nimeyasoma mwanzo mpaka mwisho.

Jina la ukurasa wake siliandiki. Amekuwa akilibadili, na la sasa linafanana na la watu wengine wasiohusika kabisa, ambao hawastahili kutukanwa kwa ajili yake. Mtamtambua kwa mwenendo.

Huwa anaibuka kusi likikaza. Ndio wakati watu wapya wanafika Coco Beach wakaona tiara ya nyuzi nne imesimama tuli hewani, mara inarudi kinyumenyume, mara imegeuka kichwa chini na kushuka taratibu mpaka inakaribia kugusa mchanga. Anayeona hivyo kwa mara ya kwanza haondoki bila kuuliza zinauzwa wapi. Madukani kwetu hazipo. Mpya kutoka kwa watengenezaji wanaojulikana inaanzia dola 200 hivi, hapo hujaweka usafiri na ushuru. Basi yeye anakuja na bei ya shilingi 250,000, eti nyuzi na vishikio ni bure, na kwa mtu anayetaka kukuza mkusanyiko wake taratibu, bei hiyo inamvuta.

Picha zake zinapendeza mno, na si zake. Ile anayoitumia sana ina tiara zimepangwa juu ya majani mabichi, nyuma zinaonekana nyumba za matofali mekundu. Ivute karibu, utazame ukingo wa juu wa tiara ya katikati: maandishi yanasomeka kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto. Ameipindua picha ili mtu akiitafuta mtandaoni isitokee kirahisi. Niliirudisha upande wake kwa simu tu, nikaitafuta, ikatokea kwenye tangazo la zamani la mkusanyaji mmoja wa Ulaya aliyekuwa anauza vitu vyake.

Tangazo lake lingine linawalenga wakusanyaji hasa. Anasema ana "Peter Powell ya asili ya 1972, kaboni tupu". Peter Powell, Mwingereza wa Cheltenham, ndiye aliyefanya tiara za kuongozwa kwa nyuzi mbili zipendwe na watu wengi miaka ya 1970. Tiara zake za mwanzo zilikuwa na umbo la almasi, tanga la plastiki, na mkia mrefu wa bomba la plastiki uliojaa upepo na kuchora angani kila njia tiara ilikopita. Fito za kaboni hazikuwamo. Picha aliyoweka huyu bwana ni ya tiara ya pembetatu, ya kisasa kabisa, haina hata mkia. Na akikuambia ana ya nyuzi nne "ya miaka ya 70", ujue hajui anachokisema: tiara za aina hiyo tunazozirusha leo zimetokana na tiara iitwayo Revolution, iliyotolewa na ndugu Hadzicki wa San Diego mwishoni mwa miaka ya 1980.

Malipo anayachukua kwa awamu. Kwanza anataka nusu "ya kushikia mzigo", na anatoa namba ya simu ya kawaida badala ya lipa namba. Jina linalotokea wakati wa kutuma ni la mwanamke. Ukimuuliza, atasema ni mke wake. Ukishatuma, baada ya siku chache anapiga mtu mwingine anayejitambulisha kuwa wakala wa forodha, sauti ya upole, anakuita "mheshimiwa": mzigo umekwama bandarini, inatakiwa shilingi 85,000 ya ushuru kabla ya saa kumi jioni, la sivyo utapigwa mnada. Jamani, kodi ya serikali hailipwi kwenye namba ya mtu. Unapewa kontrol namba, unalipia benki au kwenye simu yako, na risiti inakuja ikiwa na jina la taasisi. Anayekuhimiza utume sasa hivi kwa jina la fulani bin fulani ni tapeli, hata kama anataja namba ya kontena.

Kijana wetu alitoa zote mbili, hela aliyokuwa akiidunduliza tangu kaskazi. Kwa sehemu hiyo naweza kusema ana nafuu kuliko wenzake, maana yeye alitumiwa kitu. Wengine wawili walioniandikia hawakupata chochote. Alipokea, akawazuia, basi.

Kifurushi chenyewe kilikuja kwa basi, kimefungwa vizuri, na nembo ya mtengenezaji mkubwa imechapwa kwenye mfuko. Kwa mbali ungesema ni yenyewe. Tulipoitandaza mezani ndipo mambo yalipoanza kujitokeza. Tiara za nyuzi nne za upepo mkali zina sehemu za wavu mgumu ili upepo upite. Hapa pameshonwa chandarua. Chandarua kile kile cha kuzuia mbu, kimekatwa kwa mkasi na kushonwa mshono mmoja bila kukunjwa, nyuzi zake tayari zinachomoka pembeni.

Tanga ni kitambaa cha mwavuli. Kitambaa cha tiara ya michezo kina vimraba vidogo vya uzi mnene vinavyozuia mpasuko usiendelee, na kimepakwa utando unaoziba matundu. Kikaze mdomoni upulize: kizima hakipitishi pumzi. Hiki kilipitisha bila shida. Sisemi kitambaa cha mwavuli ni haramu. Nina tiara aliyonishonea fundi cherehani wa Magomeni kwa mwavuli uliovunjika, na upepo ukiwa wa kutosha inaruka vizuri sana. Aliniambia ni mwavuli, na bei ilikuwa ya mwavuli.

Fito ni tano, kama inavyotakiwa, tatu za ukingo wa juu na mbili za kusimama. Zote nyeusi, zinang'aa, na alimwandikia kijana kwamba ni "kaboni ya ndege". Tulichomoa kifuniko cha mpira kwenye ncha moja tukakuta katikati ni nyeupe yenye ukijani. Hiyo ni faibaglasi iliyopakwa rangi. Faibaglasi ni nzito kuliko kaboni na inapinda zaidi, kwa hiyo upepo ukiongezeka ukingo wa juu unajikunja na tiara inakataa amri. Kama ncha imezibwa na huwezi kuona ndani, tumia mita ya fundi umeme. Kwangua kidogo ncha zote mbili za ufito, gusisha waya: kaboni inapitisha umeme, faibaglasi haipitishi. Na kwa kuwa tumefika hapo, mwenye kaboni halisi asirushe karibu na nyaya za TANESCO hata siku moja, kwa sababu hiyohiyo.

Sasa nyuzi, na hapa ndipo ninapomkasirikia zaidi. Tiara ya nyuzi nne inaongozwa kwa tofauti ndogo kati ya nyuzi za juu na za chini. Zikikosa kulingana, hata uwe bingwa, haiongozeki. Tulizifunga zote nne kwenye msumari mmoja, tukazinyoosha: mbili zilipishana karibu shubiri nzima. Alisema ni Dyneema, uzi wa viwandani mwembamba na imara sana. Uzi wa Dyneema haunyumbuki sana, na unateleza, ndiyo maana nyuzi zikisokotana mizunguko kadhaa bado unaiongoza tiara kama kawaida. Pia ni mwepesi kuliko maji. Kata kipande kifupi, kitie kwenye glasi, ukizamishe kwa kidole mpaka kilowe: Dyneema itapanda juu, nailoni itabaki chini. Cha huyu kilizama. Kuelea peke yake hakutoshi kuthibitisha, maana polipropilini nayo huelea, lakini kikizama basi kesi imekwisha, si Dyneema. Tulipouvuta uzi wenyewe, ulirefuka ukarudi. Ni mshipi wa kuvulia, na si wa ubora pia. Ncha zake hazina hata ala. Dyneema huyeyuka kwa joto dogo, kiasi cha nyuzijoto 150 hivi, na fundo linaipunguzia nguvu, kwa hiyo anayeuza seti ya kweli huvisha ncha ala ya kamba laini kabla ya kufunga.

Kwenye kifurushi alimwekea na "zawadi", kibunda cha uzi wa rangi ya waridi alichokiita uzi wa mashindano. Ukipitisha kidole unakwaruza kama msasa. Huo ni uzi uliopakwa unga wa kioo, wa aina inayotumika India kwenye mapambano ya tiara kukata uzi wa mwenzako. Huko kwao umeua watu waliokuwa wanapita na pikipiki na umeua ndege wengi, mpaka mahakama yao ya mazingira ikaupiga marufuku mwaka 2017. Ufukwe wetu Jumapili umejaa watoto, wauza mihogo, bodaboda zinazopita barabarani nyuma yetu. Mwenye uzi huo nyumbani asiurushe wala asimpe mtoto auchezee, asiutupe ovyo pia. Ukate vipande vifupi, ufunge kwenye karatasi nzito, uutupe.

Najua wapo watakaosema bei ya chini lazima iwe na kasoro. Sikubaliani. Kuna watengenezaji wadogo wanaotengeneza umbo hilihili la nyuzi nne kwa majina yao wenyewe, kwa bei nafuu, na nimezirusha baadhi, zinatii. Mtu kuuza tiara nafuu hana kosa. Huyu anabandika nembo ya watu wengine juu ya kitambaa cha mwavuli, anaiba picha, halafu anatuma mwenzake ajifanye forodha.

Ukitaka kununua cha mkononi, mwombe muuzaji akurekodie video fupi: afungue tiara mbele ya kamera, aonyeshe ncha ya ufito mmoja kwa karibu, afunge nyuzi zote kwenye msumari mmoja na kuzivuta, na atamke jina lako. Mrushaji wa kweli atafanya hivyo kwa furaha, na pengine atakuchosha kwa maelezo, maana sote tunapenda kuonyesha vitu vyetu. Mimi nilimwandikia huyu muuzaji nikiomba video ya namna hiyo. Alijibu simu yake imeharibika kamera. Nilipomwambia nitakuja mwenyewe popote alipo, nikalipie mkononi, hakujibu tena. Ukiweza kuiona tiara ikiruka kabla ya kulipa, hiyo inapita video zote. Na anayeanza, anzia nyuzi mbili. Ni nafuu, vipuri vyake havisumbui sana, na mkono unajifunza upepo kabla hujaweka hela kubwa kwenye nyuzi nne.

Kwa waliokwishatuma hela: pigia mtandao wako wa simu mara moja uombe muamala uzuiwe, kwa sababu kama haijatolewa bado kuna uwezekano wa kuirudisha. Usifute meseji hata moja. Namba aliyokupigia na aliyopokelea hela, zitume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli Tanzania. Wa Kenya walio Safaricom hutuma kwenda 333. Kisha nenda polisi na skrinishoti zako pamoja na meseji za miamala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu udanganyifu wa namna hii, na malalamiko ya watu wengi kwa namba ileile yana uzito kuliko ya mmoja. Kijana wetu ameshafungua jalada. Wenye miamala ya namba hiyohiyo wanitafute faraghani niwaunganishe naye, tupeleke vielelezo pamoja.

Wale ambao mna kifurushi chake na bado hamjakirusha, msikirushe kwanza. Nileteeni Coco Jumapili alasiri, upande wa mawe. Nitakuja na mita, glasi ya maji na seti ya ziada ya nyuzi zilizopimwa. Tanga likifaa kuokolewa tutaliokoa.