Glock 17 iliyotumika: bastola ya kwanza kwa mwenye pesa ya mawazo

Mtu akiniuliza anunue bastola gani ya kwanza na mfuko wake si mnene, namwambia atafute Glock 17 ya toleo la tatu, iliyotumika, ikiwezekana ile iliyotoka kwa askari. Nazungumza na mtu ambaye tayari ana kibali halali mkononi na amepata mafunzo ya msingi. Kama bado, asome tu, lakini dukani asiende kwanza.

Mimi ni msimamizi wa uwanja wa shabaha. Kazi yangu ni kusimama nyuma ya wapigaji na kutazama mikono yao. Karatasi ya shabaha huitazama wao wenyewe. Kutoka pale nyuma nimeona bastola za kila bei, na nimeona pia kinachowapata wanaoanza. Yule aliyemaliza pesa zote kwenye bastola anapiga risasi chache, anafuta jasho, anaondoka, na tunakaa muda mrefu bila kumwona. Yule aliyenunua ya wastani anarudi na boksi la risasi, na anazidi kuimarika. Kwa hiyo nikisema bajeti sina maana ya bei ya bastola peke yake. Risasi za mazoezi, holsta (ala ya kubebea bastola) ngumu, kinga ya masikio na macho, kasha la chuma lenye kufuli, na saa za mwalimu, vyote vinatoka mfuko uleule. Bastola ikila zaidi ya nusu ya pesa hiyo, umechagua bastola isiyo saizi yako.

Hapo ndipo Glock ya askari inapokuja na faida zake. Bastola ya kazini hubebwa sana na kupigwa kidogo. Miaka na miaka inaingia na kutoka kwenye holsta, inachubuka puani na kwenye kingo za slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi ikipigwa), rangi inang'oka mpaka chuma kinaonekana. Mnunuzi asiyejua akiona mikwaruzo anasita, na bei inashuka. Ndani, mtutu mara nyingi bado uko safi kabisa. Mikwaruzo haipotezi shabaha.

Ya pili ni wingi wake. Glock 17 iliingia jeshi la Austria mwaka 1982, na tangu hapo imebebwa na vikosi vingi mno duniani, hivyo springi, magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini) na holsta zake hazisumbui kupatikana. Inatumia risasi ya 9×19 (kipenyo cha milimita tisa), risasi ya bastola iliyoenea kuliko zote, na hilo kwa mwenye bajeti finyu ni kubwa kuliko bei ya bastola yenyewe, kwa sababu bastola unanunua mara moja lakini risasi utanunua maisha yako yote. Magazini yake inabeba risasi 17. Pale sheria inapoweka kikomo cha chini zaidi, zipo za 10.

Sasa namna ya kuikagua, na hapa naomba usiwe na haraka hata kama muuzaji anatazama saa. Chomoa magazini. Vuta slaidi nyuma na uishikilie hapo kwa kusukuma juu kile kitasa chake cha pembeni, maana magazini ikiwa nje haijifungi yenyewe. Tazama chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe ni tupu, hata kama muuzaji amekagua mbele yako sasa hivi. Mulika tochi kutoka upande mmoja wa mtutu utazame kutoka upande mwingine. Mtutu wa Glock hii una pembe laini za mzunguko badala ya michirizi yenye kingo kali, kwa hiyo usitafute kingo; uwe tu safi na usio na mashimo ya kutu. Ukiona kivuli kama pete kimezunguka ndani ya mtutu, huenda risasi iliwahi kukwama humo na nyingine ikapigwa nyuma yake, chuma kikavimba. Iache bastola hiyo, usijadili bei.

Halafu linganisha namba. Glock huandikwa namba ya utambulisho kwenye fremu, kwenye slaidi na kwenye mtutu. Zote tatu zifanane, na zifanane na karatasi za mauzo. Namba zisizofanana mara nyingi zinamaanisha imeunganishwa kutoka bastola tofauti au imebadilishwa sehemu, na ukienda kuisajili utakuwa na maelezo mengi ya kutoa.

Tazama pia alama za kulengea. Nyingi za askari zina vidoto vya tritiamu, gesi yenye mionzi, vinavyong'aa gizani. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo, kwa hiyo bastola ya umri huo au zaidi utakuta vidoto vimefifia. Mchana unalenga vizuri tu, ila muuzaji asikutoze bei ya alama zinazong'aa.

Bonyeza triga ikiwa tupu, imeelekezwa mahali salama. Ya kawaida inahitaji nguvu ya kilo mbili na nusu hivi. Ukikuta nzito mno, usishangae: baadhi ya vikosi, polisi wa New York wakiwa mfano unaojulikana, viliagiza triga nzito kwa makusudi. Fundi wa silaha aliyesomea anarudisha springi ya kawaida bila gharama kubwa. Kinyume chake ndicho kinachonitisha. Triga laini kupita kiasi, vipande vilivyopigwa msasa, springi za ajabu, hiyo ni kazi ya mtu aliyejifundisha mwenyewe mezani kwake. Mpe mwenyewe bastola yake, ondoka.

Glock ina mambo mawili ambayo anayeanza lazima ayajue kabla ya kulipa. Kwanza, haina sefti (kizuizi cha kutopiga kwa bahati mbaya) ya kubonyeza kwa dole gumba. Sefti zake tatu ziko ndani na kwenye triga, na zote zinaachia pale triga inapovutwa. Kidole kikivuta triga na risasi iko chembani, itapiga. Ndiyo maana nasisitiza holsta ngumu inayofunika triga yote. Kuchomeka kiunoni, au kutupia kwenye mkoba wenye funguo na kalamu, hapana kabisa. Pili, kabla ya kuifungua kwa usafi unalazimika kuvuta triga. Nimewafundisha watu wengi hatua hii, na bado kila mara nasimama karibu: magazini nje, chemba tupu, kagua tena, boksi la risasi liwe chumba kingine, mdomo wa mtutu uelekee mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu. Ndipo uvute.

Wapo wanaoona ni kubwa, wanataka Taurus G2C kwa sababu ni fupi na bei yake mpya iko chini. Naielewa hamu hiyo. G2C inabeba risasi 12 na ina sefti ya dole gumba, ambayo wengine inawapa utulivu. Lakini bastola fupi inapiga teke zaidi mkononi, kidole kidogo kinakosa pa kushika, na umbali kati ya alama ya mbele na ya nyuma ni mfupi, hivyo kosa dogo la mkono linakuwa kubwa kwenye shabaha. Anayejifunza anahitaji mpini unaojaa mkono. Hiyo inunue ya pili, ukishajua kupiga.

Rivolva (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka) ya Smith & Wesson Model 10 iliyotumika ni chaguo ninaloliheshimu sana, hasa kwa mtu ambaye mikono haina nguvu ya kuvuta slaidi. Ni chuma kitupu, risasi sita za .38 Special, na uzito wake unameza teke. Kuona kama ina risasi ni kufungua silinda tu. Ukiikagua, koki nyundo (ivute nyuma mpaka ishike) ikiwa tupu kisha isukume mbele kwa dole gumba bila kugusa triga. Ikishuka, mpelekee fundi au iache. Kinachonirudisha kwenye Glock ni kwamba .38 kwa kawaida ni ghali kuliko 9×19, na bila kukoki, triga ni ndefu na nzito, kwa hiyo anayeanza huyumbisha mtutu.

Hi-Point C9 ni ya bei ya chini kuliko zote hizi. Ni nzito kwa sababu slaidi yake inazuia nguvu ya risasi kwa uzito peke yake, na inabeba risasi nane tu. Kampuni inaitengeneza bure hata kama wewe si mnunuzi wa kwanza, na hilo ni jambo la heshima. Kama pesa inafika hapo tu, nunua hiyo na ulipe mwalimu, si bastola ya jina kubwa bila mwalimu. Na anayetaka kujifunza shabaha tu, rivolva ya .22 kama Ruger Wrangler itampa mazoezi mengi kwa pesa kidogo.

Ukishaipata Glock yako, badilisha springi ya kurudisha slaidi siku ileile, maana hujui ya zamani imepiga kiasi gani, na weka springi mpya kwenye magazini zilizolegea. Kasha la chuma nunua kabla bastola haijaingia nyumbani. Glock 17 ina urefu wa sentimita 20 hivi, kwa hiyo pima nafasi ya ndani, hakikisha lina matundu ya kulifunga ukutani au sakafuni kwa bolti, na risasi zihifadhi chini ya kufuli yake nyingine.